Mkono wa Mtu

Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, saa mbili na robo asubuhi, Shedrack alikuwa anapasua gogo la kwanza la siku kwenye dingdong, mashine ya kupasulia mbao iliyo nyuma ya kituo cha mafuta pale Mafinga, ulipotoka ubao wa mbili kwa sita wenye mkono ndani yake. Haukuwa mkono wa kuchorwa wala wa kuchongwa. Ulikuwa umo kwenye nyuzi za mti wenyewe, rangi ya asali iliyokolea, vidole vinne vilivyonyooka na kiganja kipana. Dole gumba halikuonekana ila ukingo wake, kama vile lilikuwa na shughuli nyingine. Shedrack aliupuliza unga wa mbao, akaugeuza, akauweka upande wa mbao zenye vifundo, ambazo hazijengewi nyumba za watu wa maana, akaendelea na gogo la pili.

Kufikia saa nne, muda wa chai, upande wa vifundo ulikuwa umejaa na upande wa daraja la kwanza ulikuwa na mbao tatu. Shedrack alinawa, akavua kofia, akaingia ofisini.

"Kamwene, bosi. Kuna mkono wa mtu kwenye hizi mbao."

Liberatus, mwenye mashine, mwenye malori matatu, mwenye nyumba ya wageni kule Mbeya na mashamba ya mipaini katika vijiji vitatu, aliweka kikombe chini taratibu. Sentensi hiyo alikuwa ameisubiri tangu anunue lori la pili. Aliamini kwamba watu wote waliokuwa wakimsalimia walimsalimia kwa wivu. Alianza kuwapanga kichwani kwa alfabeti, ili ajue nani amemchezea, na alikuwa amefika herufi K Shedrack alipokohoa.

"Si hivyo, bosi. Mkono wenyewe."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Liberatus alitoka kwenda kuutazama. Aliutazama kwenye ubao wa kwanza, akautazama kwenye wa pili, na kwenye wa kumi na tisa alichuchumaa. Ulikuwa mkono mmoja uleule, mpana, wenye sugu kwenye mashina ya vidole, na kidole cha mwisho kilichopinda kidogo kuelekea nje. Magogo yote yalitoka kwenye shamba lake la kwanza, lililopandwa miaka kumi na minane iliyopita. Alivyoelewa yeye, kulikuwa na mwanaume aliyeigusa miti yake mmoja mmoja, kwa zamu, bila haraka, na miti ikaficha jambo hilo kwa miaka kumi na minane. Kuhusu wanaume wengine na mali zake Liberatus hakuwa na subira hata siku ambazo hakukuwa na ushahidi.

"Weka mkono wako hapo," alimwambia Shedrack.

Shedrack aliweka. Haukukaa sawa, vidole vyake vilizidi. Mashine ilizimwa na wafanyakazi kumi na wanne wakapanga foleni, kila mmoja akaweka mkono wake, akaambiwa autoe. Dereva Yotamu, aliyerudi na lori kutoka Makambako saa sita, alipimwa kabla hajazima injini. Hakuna aliyeuliza sababu. Walikuwa wamewahi kupimwa joto mlangoni, na pumzi, na walioona foleni walidhani ni utaratibu mwingine wa namna hiyo.

Saa saba Liberatus alikwenda nyumbani kula. Samani za nyumba hiyo zilitengenezwa mwaka uliotangulia kutokana na miti iliyopunguzwa kwenye shamba hilohilo, zikapakwa vanishi nzito ya kahawia ambayo fundi aliisifu kwa kuficha kila kitu. Liberatus alichukua kitambaa na spiriti. Akasugua meza, mkono ukatokea. Akasugua mlango wa chumbani, ukatokea kwa urefu wa kiuno. Kwenye kitanda ilitokea mitatu, na mmojawapo ulikuwa upande wake yeye, pale anapolaza kichwa.

Mkewe Severina alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kitambaa mkononi. Alikuwa amemwita mara mbili kuja kula.

"Mama Blessing," alisema Liberatus, "huu mkono wa nani?"

Severina alichungulia juu ya bega lake. "Wangu."

"Nakuuliza kwa heshima."

"Na mimi nakujibu kwa heshima. Wangu. Njoo ule, mboga inapoa."

Liberatus aliufahamu mkono wa mkewe. Alikuwa ameuvika pete mwaka tisini na nane, kanisani Idodi, alikotoka Severina, na alikumbuka vizuri kwamba ulikuwa mdogo na laini. Tangu siku hiyo hakuwa na sababu ya kuutazama tena. Ulikuwa ukifika mbele yake na sahani, na yeye alikuwa akitazama sahani.

"Mkono wa mwanamke hauwi na sugu hivi," alisema.

"Mwanamke gani?"

"Mwanamke yeyote. Hebu uweke hapo nione."

"Umeshampima nani mwingine?"

"Shedrack. Yotamu. Wote pale kazini."

Severina alifuta mikono yake kwenye kanga, wote wawili, polepole. "Mimi sipimwi baada ya Yotamu, baba Blessing," alisema, akafunika sufuria ya ugali, akaenda kwenye kitalu chake nyuma ya nyumba, ambako viriba elfu nne vya miche vilikuwa vinamsubiri kujazwa udongo kabla ya jioni.

Wiki zilizofuata Liberatus aliishi na wivu kama mtu anayeishi na jino. Aliegesha gari nje ya kitalu na kuhesabu wanaume waliopita njia hiyo. Walipita watatu kwa siku, wawili wakiwa na ng'ombe. Jumapili, baada ya misa, alisimama mlangoni mwa kanisa akamsalimia kila mwanaume kwa mkono, na hakuuachia kabla hajautandaza na kuutazama kidole cha mwisho. Mwalimu wa kwaya, Timotheo, alishikwa muda mrefu kiasi kwamba waumini wa nyuma yake walidhani kuna msiba. Kuanzia Jumapili ya tatu wanaume wa parokia ile walianza kutoka kanisani mikono ikiwa mifukoni, jambo ambalo padre alilikemea kwenye matangazo.

Akaenda Mbeya. Nyumba yake ya wageni ilikuwa na vyumba ishirini na viwili na milango ishirini na miwili, na hakuhitaji spiriti, kwa sababu kule fundi alitumia vanishi ya bei ndogo. Mkono ulikuwa kwenye kila mlango, juu kidogo ya kitasa. Msimamizi, mama mmoja aitwaye Tupokigwe, alimkuta ameinama mbele ya chumba namba tisa.

"Ugonile, mzee. Wateja wanaupenda huo. Wanasema ni kama kuna mtu amewapokea."

"Ni wa nani?"

"Si wa mama?"

"Mama yupi?"

Tupokigwe alimtazama kama anavyomtazama mgeni aliyesahau namba ya chumba chake. "Mama Severina. Aliyekaa hapa miezi minane akisimamia ujenzi, mzee, wakati wewe uko Dar unatafuta lori."

Liberatus alisema ahsante, akapima mikono ya walinzi wote wawili na ya mpishi.

Kutoka bonde la Usangu alipigiwa simu na Nkuba, mfugaji aliyemtunzia ng'ombe, kumjulisha kwamba ndama waliozaliwa msimu huo walikuwa na baka jeupe begani, lenye vidole vinne. Nkuba alisema baka hilo ni zuri, ng'ombe wenye alama hawaibiwi kirahisi. Ng'ombe wa kwanza wa kundi lile walikuwa mahari ya mdogo wake Severina, ambayo familia yake ilimkopesha dada mtu na haikuidai tena. Liberatus hakuwa na kumbukumbu hiyo. Aliandika kwenye daftari: *mpaka ng'ombe.*

Yotamu, akiwa amemwendesha kutoka Mbeya hadi Makambako, alijaribu kumsaidia. "Bosi, labda kweli ni wa mama."

"Endesha."

"Naendesha."

Liberatus alitazama nje. Mkono ule ungekuwa wa mwanaume, angejua la kufanya: angemtafuta, angemshitaki, angemshinda. Ukiwa wa Severina, hakujua amshinde nani. Kwa hiyo aliamua uendelee kuwa wa mwanaume, akafungua shauri la talaka kwa sababu ya ugoni, na mtu asiyejulikana, kwa kielelezo cha ubao mmoja wa mbili kwa sita.

Baraza la kata lilikaa mara mbili na likashindwa kuwapatanisha, kwa sababu mume aliwapima mikono wajumbe wote wanaume. Padre alisema ndoa haivunjwi. Mahakama ilisema inavunjwa. Kila upande ulibaki na msimamo wake, ikawa kwamba Jumapili Liberatus na Severina waliendelea kuwa mume na mke, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa walikuwa wametalikiana. Jumamosi hakuna aliyeitolea uamuzi.

Kilichobaki kilikuwa mali.

Orodha ilisomwa kwa dakika arobaini. Mashamba matatu yenye mipaini elfu arobaini na moja. Mashine. Malori. Nyumba ya Mafinga, nyumba ya Iringa mjini, nyumba ya wageni ya Mbeya, ng'ombe wa Usangu. Kila kitu kilikuwa na hati, na kila hati ilikuwa na jina moja, la Liberatus. Wakili wake, Edmund, kijana nadhifu aliyekuwa na kalamu nne mfukoni na kutumia moja, alisema sheria iko wazi: mke ana haki ya kupata mgawo kwa kadiri ya mchango wake. Kwa hiyo aoneshe mchango.

Severina hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani na sweta la kijani.

"Shamba la kwanza ulifanya nini?" aliuliza Edmund.

"Nilipanda."

"La pili?"

"Nilipanda."

"La tatu, mama?"

"La tatu nilipanda nikiwa na mimba ya Blessing, kwa hiyo nilichelewa kumaliza. Nilimaliza Februari."

"Uliajiriwa kupanda?"

"Niliolewa."

Edmund alitafakari kama hilo ni jibu. "Una ushahidi wa maandishi?"

Severina alinyoosha kidole kuelekea ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, kielelezo namba moja cha upande wa pili.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu. Alibadilisha. "Mama, unakubali kuweka mkono wako pale? Mume wako anasema ulikataa."

"Kwake nilikataa, mheshimiwa. Aliniweka baada ya dereva. Kwa mahakama nitaweka."

Ubao ukalazwa mezani. Severina aliweka mkono wa kulia juu yake. Ulikaa sawasawa, sugu juu ya sugu, na kidole cha mwisho, ambacho panga la kitaluni lilikipinda miaka mingi iliyopita, kikaingia kwenye mpindo wake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Karani aliandika: *umekaa.*

"Na dole gumba liko wapi?" aliuliza hakimu.

"Dole gumba linashika mche, mheshimiwa, usilale. Kiganja kinashindilia udongo. Ukiushika mche kwa nguvu unakufa, ukiuachia unapinda, na mti uliopinda hautoi mbao. Unaushika hivi." Akaonesha hewani.

Liberatus alitazama mkono ule ulioshika hewa. Tuhuma ya ugoni ilikuwa imekufa pale mezani, na mtu mwingine angepumua. Yeye aligundua kwamba wivu wake haukuondoka; ulikuwa umehama chumba tu. Elfu arobaini na moja, alijisemea, kila mmoja ameushika hivyo, kwa upole, akahakikisha haulali. Alijaribu kukumbuka siku ambayo alishikwa hivyo yeye. Aliirudisha miaka nyuma mmoja mmoja mpaka akafika kanisani Idodi, na hata pale alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyeshika. Aliionea miti ile kijicho kikali, miti yake mwenyewe, akatamani kuikata yote kabla ya chakula cha mchana.

Edmund alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, hatubishi kwamba mkono ni wake. Lakini sheria inatambua alama mbili tu za mtu: sahihi na dole gumba. Hiki ni kiganja, na dole gumba, kama shahidi mwenyewe alivyosema, lilikuwa na kazi nyingine."

Hakimu alichukua fomu ya mahakama akaitazama. Palikuwa na kisanduku cha dole gumba, upana wa stempu. Akakipima kwa macho dhidi ya ubao. Kiganja kisingeingia.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tano. Ilikuwa ndefu na ya huruma. Ilisema mahakama imeridhika pasipo shaka kwamba mkono wa mlalamikiwa umo ndani ya mali zote. Ilisema, hata hivyo, kwamba mkono uliomo ndani ya mti ni sehemu ya mti, na mti uliomo ardhini ni sehemu ya ardhi, na ardhi ina hati, na hati ina jina. Kwa hiyo mikono yote elfu arobaini na moja, pamoja na iliyokwisha kupasuliwa, iliyo kwenye milango na iliyo kwenye ng'ombe, ilikuwa mali halali ya mlalamikaji. Mlalamikiwa alipewa cherehani, magodoro mawili na vyombo vya jikoni, kwa kuthamini upishi.

Severina alinyanyua mikono yake. "Na hii miwili, mheshimiwa?"

Hakimu alipekua faili mbele na nyuma. "Kuhusu hiyo mahakama haijaombwa chochote," alisema.

Severina alihamia Mbalizi, ambako binamu yake alimpatia chumba na robo eka ya kukodi kwenye mteremko. Alipanda humo miparachichi sitini yake mwenyewe, na kando ya barabara ya Tunduma akafungua kitalu cha miche ya kuuza. Kule Mafinga, Shedrack alihamisha mbao kutoka upande wa vifundo kwenda upande wa daraja la kwanza, kwa sababu wajenzi wa Dodoma walikuwa wameanza kuziulizia kwa jina: mbao za kiganja. Walisema nyumba iliyoezekwa kwa mbao hizo haivuji. Liberatus alipaka mkono ule kwenye malori yake, ubavuni, kwa rangi nyekundu.

Jioni alikuwa anaketi kitandani, anaegemeza mgongo kwenye ule mkono wa upande wake. Ulikuwa na joto kidogo. Kwa dakika chache alikuwa mtu aliyeshikwa, asiyelala upande wala kupinda. Halafu alikumbuka kwamba kuna mikono mingine arobaini elfu na ushee inayoshika vitu vingine, na usingizi ukaisha.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata alimwambia Yotamu ampeleke Mbalizi.

Alimkuta Severina amekaa kwenye kigoda katikati ya viriba. Alikaribishwa kukaa, na kiti kilichokuwepo kilikuwa ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," alisema.

"Uliza, baba Blessing."

"Ulipokuwa unapanda ile miti ulikuwa unamfikiria nani?"

Severina alishindilia kiriba, akachukua kingine. "Udongo."

"Miti elfu arobaini na moja, unafikiria udongo?"

"Siku nyingine nilifikiria mvua."

Liberatus alisubiri aone kama kuna jina litafuata. Halikufuata. Wakati huo alikuja mwanaume mwenye pikipiki, wa makamo, mwenye shati safi, akaomba miche kumi ya parachichi. Severina aliitoa mmoja mmoja, na kila mmoja aliushindilia mara ya mwisho kwa kiganja kabla ya kumkabidhi, dole gumba likishika shina. Mwanaume yule alishukuru, akamwita dada, akaondoka nayo imejipanga nyuma ya pikipiki kama watoto.

"Hao watu unawapa mkono," alisema Liberatus.

"Nawauzia miche."

"Mahakama ilinipa mimi."

"Ilikupa ile ya zamani."

"Kwa hiyo kila mtu wa Mbalizi atakuwa nao. Atakata parachichi nyumbani kwake, na mke wake pembeni, na mkono wako umo."

"Akipenda kulikata," alisema Severina. "Wengine watalima tu wauze."

Liberatus alinyanyuka kwa namna iliyoangusha ndoo. Severina aliisimamisha, akaijaza udongo.

Wakili Edmund alilielewa jambo hilo haraka kuliko mteja wake. Alieleza kortini kwamba mkono ule sasa ni alama ya biashara inayojulikana kuanzia Makambako hadi Dodoma, na kwamba mlalamikiwa, kwa kuendelea kupanda, anasambaza bidhaa bandia. Severina alisema anautoa mwenyewe kila asubuhi, hajawahi kuona wa bandia. Hakimu alibadilisha miwani mara nyingi siku hiyo, mwishowe akatoa zuio: kuanzia tarehe ile mlalamikiwa asipande kitu chochote kwa mkono mtupu.

"Mkono mtupu ndio niliobaki nao, mheshimiwa," alisema Severina.

"Ndiyo maana utavaa glavu," alisema hakimu, si kwa ubaya.

Miparachichi sitini ya robo eka ilikuwa bado midogo, na zuio liliihusu nayo. Ilibidi aing'oe, aipande upya akiwa na glavu, mbele ya karani. Glavu alizinunua Liberatus, kwa kuwa yeye ndiye aliyeomba amri, katika duka moja la vifaa vya bustani. Muuzaji alimwuliza saizi. Alikuwa ameupima mkono ule kwa zaidi ya mwaka mzima, kwenye meza, milango na mbao zisizo na idadi, lakini swali lilipoulizwa alinyoosha wa kwake. Jozi sita, saizi kubwa, zilifungwa kwenye mfuko na kupelekwa Mbalizi.

Zilimpwaya Severina kwenye vidole. Alizifunga kwa mpira kwenye kifundo cha mkono, akapanda.

Miaka mitatu baadaye miparachichi ile ilizaa. Yotamu alipita Mbalizi na mzigo wa mbao, akanunua kikapu kimoja kwa Mama Blessing, akakileta kazini Mafinga. Muda wa chai walipasua parachichi la kwanza. Kokwa lilikuwa na mkono, mnene, usio na mistari ya kiganja, lakini wenye mshono ukizunguka kila kidole na vidoti vya mpira vya kuzuia kuteleza.

"Hili la mama," alisema Yotamu, akanyunyiza chumvi.

Liberatus alilichukua kokwa akaligeuzageuza. "Huyu sasa ni mwanaume," alisema.

"Ni glavu, bosi."

"Glavu ya mwanaume. Tazama upana. Nani anamnunulia glavu?"

Shedrack alitafuna. Yotamu alitafuna. Wote wawili walikuwa watu wenye familia, na kazi zilikuwa hazipatikani. "Pima," alisema Shedrack mwishowe. "Anza na wewe, bosi."

Mkono uliokuwa kwenye kokwa ulikuwa mdogo kwa kuwa kokwa ni dogo, lakini umbo halidanganyi mtu aliyepima mikono kwa miaka minne. Kidole cha kati kifupi, cha pete kirefu kuliko cha shahada, kiganja cha mraba. Liberatus alilazimika kukiri kwamba ulikuwa wake. Tangu ubao wa kwanza utoke kwenye mashine hakuwahi kuuona mkono wake mwenyewe ndani ya kitu chochote, na huu hapa, umo kwenye tunda, umelishikilia. Machozi yalimlenga kidogo. Kisha akampigia Edmund.

"Glavu ulizinunua wewe?" aliuliza Edmund.

"Mimi."

"Unayo risiti?"

"Ninayo. Ina jina langu na tarehe."

Upande wa pili wa simu kalamu ilitolewa mfukoni. "Kiganja hakina risiti, mzee, ndiyo maana mama alishindwa," alisema Edmund. "Glavu inayo. Hiyo miparachichi ni yako."

Shauri jipya lilipangwa mwezi wa tisa. Kabla ya siku hiyo mahakama iliagiza matunda yote ya miparachichi sitini yavunwe na kutunzwa kama vielelezo, yakawekwa kwenye kabati la vielelezo, na kwa kuwa ni matunda, yaliiva. Makarani waliyala na mkate kwa wiki mbili na kuhifadhi makokwa, kila moja na namba yake. Hakimu naye alipelekewa mawili, akasema ni mazuri.

Severina alipelekewa wito akiwa kitaluni. Alimwomba mjumbe amsomee, kwa sababu glavu zilikuwa na udongo. Mjumbe alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akaiweka juu ya kigoda na kuikandamiza kwa jiwe. Kisha, kwa vile alikuwa na kiwanja kidogo kule Mbalizi na mvua zilikuwa karibu, aliuliza kama amebakiza miche mitano.

"Ipo," alisema Severina, akaanza kumshindilia wa kwanza.